Treni ya Baba Uliyompa Tajiri

Darlington, Uingereza

Kaka Lameck,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu marehemu Mama alitulea kwamba mdogo humwamkia mkubwa hata kama wamekosana, na malezi ya Mama mimi sijayatupa. Habari za hapo Manyoni? Wifi na watoto hawajambo? Nimesikia mvua zimechelewa na uwele umekauka ukiwa mchanga, poleni sana. Mimi mwili ni mzima. Kazi ni ile ile ya kutunza wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa. Baridi imenipasua midomo lakini nimeizoea. Ningeyasema haya yote kwa simu, ila simu zangu hupokei tena. Basi kaa chini usome.

Ile treni hukuwahi kuniuliza ilitoka wapi. Leo utajua.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja anaitwa Arthur, aliyekuwa dereva wa treni za abiria huku, zile za dizeli ambazo injini iko chini ya sakafu, huioni ikivuta mbele. Alipostaafu alianza kuitengeneza treni yake upya, ndogo, ya mabehewa mawili, juu ya meza ya jikoni. Alikata vibati vya shaba kwa mkono, akavilehemu, akapaka kijani, na pua ya mbele akaipaka njano. Ndani aliweka viti, kila kiti na kitambaa chake cha kuchora. Aliweka waipa za kioo, ngazi za kupandia, tangi la mafuta, mabomba chini ya tumbo la behewa ambayo hakuna mtu angeyaona mpaka ageuze. Mikono ilishaanza kumtetemeka nilipofika kwake. Kwa hiyo mimi nilikuwa nashika taa na kibano, yeye anaweka gundi.

Siku moja Baba alipiga simu nikiwa kazini. Arthur akauliza ni nani, nikamwambia ni baba yangu, alikuwa gadi wa treni ya Singida, anayekaa behewa la mwisho na kupunga bendera ya kijani ndipo dereva aondoe. Yule mzee alikaa wima kitandani. Tangu hapo, kila Jumapili, wazee wawili wakaongea na mimi katikati natafsiri. Baba alimweleza jinsi breki zinavyolia kwenye mteremko, Arthur naye akamweleza ukungu wa huku. Unajua Baba tangu macho yake yafe amekuwa mtu wa kunyamaza. Kwenye simu hizo alikuwa anacheka, Lameck. Shangazi anayekaa naye aliniambia kwamba Jumapili anaomba kunyolewa ndevu kabla ya simu.

Mwishoni kabisa Arthur alitengeneza mtu mdogo, gadi, akamsimamisha mlango wa nyuma na bendera mkononi. Akaniuliza Baba ni mweusi kiasi gani. Nilimwonyesha mkono wangu, nikamwambia zaidi kidogo ya huu. Akachanganya rangi mpaka ikakubali. Halafu akasema, "Huyu ndiye Mzee Msengi. Sasa inaweza kuondoka."

Alipofariki, binti yake aliniletea treni mwenyewe hadi mlangoni. Alisema baba yake ameagiza iende kwa gadi wake Tanzania, macho hayana shida, ataiona kwa vidole. Nikaifunga kwa nguo zangu za baridi, nikampa nesi mmoja wa Kilimatinde aliyekuwa anarudi nyumbani, akaileta mpaka stendi ya Manyoni akaiweka mikononi mwako. Wewe peke yako ndiye niliyekuambia, kwa sababu nilitaka Baba ashtukie tu imewekwa mapajani kwake.

Ukanipigia ukasema amefurahi hadi machozi. Ukasema anaishika kila siku. Na ukaniambia nisimtajie treni kwenye simu, eti akikumbuka kazi yake anaugua usiku. Nikakuamini. Niliongea na Baba juu ya mbuzi, juu ya dawa, juu ya kwaya ya kanisani, nikiuma ulimi nisitaje treni. Mpaka siku ile uvumilivu uliponishinda nikamuuliza anaionaje treni ya Arthur.

Baba akasema, "Mwanangu, mimi niliisikia tu kwenye simu. Ilikwenda wapi baada ya mwenzangu kufa?"

Nilikuwa ndani ya basi. Niliteremka kituo ambacho si changu nikakaa kwenye benchi lililolowa mvua. Nilipokupata uliniambia bila aibu kwamba umempa tajiri wako wa kiwanda cha alizeti, kwa sababu alikuwa anatafuta msimamizi na wewe ulitaka akukumbuke. Na neno lako la mwisho kabla hujakata simu nalijua kwa moyo: "Ni toi tu lile, Eliwaza. Kipofu atalifanyia nini?"

Kipofu. Baba yako, aliyekusomesha kwa kulala kwenye mabehewa ya nyuma miaka yote ile, umemwita kipofu kama mtu wa kupita barabarani.

Shangazi ndiye aliyetengeneza uliyoharibu. Nilipomweleza alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda kwa tajiri kwa miguu. Hakugombana na mtu. Alimwambia mke wa tajiri kwamba kuna kitu cha kaka yake kimefika nyumba isiyo yake. Yule mama hakuwa anajua lolote, aliambiwa wewe ndiye uliyeinunua. Aliitoa kwenye kabati la sebuleni palepale, akaomba radhi, akatoa na kanga yake ya kuifungia. Lakini watoto walikuwa wameshaichezea. Waipa moja imepinda, na gadi hayupo. Zimebaki nyayo zake kwenye gundi.

Shangazi alinishikia simu Baba alipopewa. Nilimsikia akipumua, Shangazi akininong'oneza kila anapogusa. Alianza mbele, akapita madirisha yote kwa ncha ya kidole, akaigeuza, akagusa injini chini ya sakafu, akasema ni kweli, iko chini kama alivyosema. Kisha akafika mlango wa nyuma. Kidole kikazunguka pale gadi alipokuwa amesimama. 

Unajua alisema nini? "Kaka yako aliihifadhi kwa tajiri ili vumbi la hapa lisiiharibu. Alifanya vizuri. Usimgombeze."

Hakuna aliyekuwa amelitaja jina lako, Lameck. Shangazi alimwambia tu kwamba imetoka kwa tajiri wa alizeti, na mimi sikusema lolote juu yako. Amejua mwenyewe, na hapo hapo amekutungia uongo ili usiaibike mbele ya mdogo wako. Nilikuwa na hasira na wewe kabla ya hapo. Baada ya hapo nilichukua karatasi nikaanza kukuandikia.

Nasikia usimamizi umeupata. Hongera sitakupa. Ninachotaka ni hiki: uende nyumbani, uingie chumbani kwa Baba, ukae mahali ambapo anaweza kukufikia kwa mkono, umwambie kwa mdomo wako ulichofanya. Usimtume wifi. Usiende na sukari wala nyama. Baba alinikataza kukugombeza, na hii ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu nimemkatalia Baba neno.

Wifi nisalimie sana, yeye sina neno naye. Wanao wabusu. Mchungaji na mama mchungaji waambie nawakumbuka. Jirani yetu fundi cherehani mpe pole ya mguu. Shangazi nimeshamwandikia ya kwake.

Baba usimpe salamu zangu. Vitu vyangu vikipitia kwako havimfikii. Nitamsalimia mwenyewe Jumapili.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,
Eliwaza