Nani Ashike Mashine ya Orodha

UMOJA WA MAFUNDI SIMU, GHOROFA YA PILI
Tarehe 14/6, saa nane mchana. Chumba cha spea, ndicho chenye viti.
Waliohudhuria: Mwenyekiti, Fundi Mkubwa, Dada wa Spea, mafundi sita, na mimi Katibu.
Hakuja: Mweka Hazina (jino).

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao. Fundi Mkubwa alikuwa ameshanuna kabla hakijafunguliwa.

KUMB. NA. 2/6: ORODHA YA SIMU ZA WATEJA
Mwenyekiti alieleza kwamba umeme ukikatika na kurudi, programu ya orodha aliyoitengeneza Fundi Mkubwa kwenye kompyuta inakaa nusu saa ikijikagua, wateja wamejaa mlangoni.

Dada wa Spea alieleza kwamba programu ile inaandika kila kitu mara mbili kwa kuogopa umeme. Na mfumo mpya wa mafaili wa kompyuta, ulio chini yake, una woga huohuo: unaandika kipya pembeni kwanza, kikikamilika ndiyo unaachia cha zamani. "Wapishi wawili, chungu kimoja." Alishauri programu itolewe, kila simu iwe na faili lake, mfumo wa mafaili ubebe kazi wenyewe: ama yote yameandikwa, ama hakuna kitu.

Fundi Mkubwa alijibu kwamba miaka sita wamekula kwa programu hiyo, leo mtu wa kuuza vioo anamfundisha samaki kuogelea.

Dada alisema, "Kaka, sijasema mbaya. Nimesema inachoka."

Fundi Mkubwa alisema yeye si kaka yake.

Mafundi walicheka. Katibu hakucheka sana.

KUMB. NA. 3/6: JARIBIO
Kompyuta mbili ziliwekwa mezani: ya Fundi Mkubwa yenye programu, ya Dada yenye mafaili tu. Fundi Mkubwa alitaka azime umeme mwenyewe, "nisichezewe." Dada akiwa katikati ya kuingiza simu, Fundi Mkubwa alibamiza swichi ya ukutani. Zote mbili zilizimika; ilibainika zilikuwa kwenye ekstensheni moja, na aliyezichomeka ni Fundi Mkubwa mwenyewe.

Umeme uliporudishwa, ya Dada iliwaka papo hapo. Simu ile ya katikati haikuwepo, nyingine zote zipo, akaiandika upya. Ya Fundi Mkubwa iliendelea kujikagua. Fundi mmoja aliuliza kama ipewe panadol.

KUMB. NA. 4/6: MAAMUZI
Kwa kura saba kwa moja (Dada na Katibu hawakupiga), Dada ashike mashine ya orodha. Fundi Mkubwa aliomba iandikwe kwamba hakushindwa. Imeandikwa. Aliomba jingine lisiandikwe: Dada amfundishe, ila mlango ufungwe.

Watu walitawanyika saa kumi kasorobo.

Mwenyekiti: ..................
Katibu: ..................