Mashine ya Pili Kwenye VPN Yangu

Jumanne, saa nane mchana. Kihonda kumepoa, manyunyu tangu asubuhi, na milima yote imefunikwa. Ukitazama upande ule unaona weupe tu, kama vile hakujawahi kuwa na mlima.

Nimechoka. Zuhura ana miaka minne na siku hizi halali mchana. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika, kwa ofisi moja ya Dar, na hawataki faili zao zipite nje ya VPN. VPN, kwa nilivyoelewa mimi, ni njia yenye ukuta pande zote. Anayepita humo haonekani, na asiye na ufunguo hajibiwi hata kwa kukohoa.

Kompyuta hii ya mezani aliniwekea Baba Zuhura. Aliondoa mfumo wa zamani akaweka Linux, akafunga na VPN. Akisafiri kwenda Gairo kutengeneza kompyuta za watu, alikuwa anaandika amri ya mstari mmoja kule, huku spika yangu inatoa sauti yake aliyoirekodi, "Mama Zuhura, chai ipo?" Nilikuwa nacheka mpaka machozi.

Aliondoka masika yaliyopita. Hakuaga. Simu haipatikani mpaka leo.

Niseme ukweli. Wiki nzima hii Zuhura amekuwa akiitika. Yuko sebuleni anapanga vifuniko vyake vya chupa, ghafla, "Abee." Mimi niko jikoni, nadhani ni michezo yake. Jana nikamuuliza, nani kakuita? Akanionyesha kompyuta kwa kidevu.

"Baba."

Nilimgombeza, nikajuta. Usiku huo nikamfundisha alivyotufundisha bibi yangu wa Kinole, siku zile za ukungu shambani: ukiitwa mara moja na humuoni anayekuita, usiitike. Mtu wa kweli atarudia.

Leo asubuhi ofisi wametuma ufunguo mpya, wakasema niubadilishe mwenyewe. Nikafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, nikaandika sudo na maneno mengine kama walivyonielekeza, herufi moja moja, Zuhura akiwa mapajani. Ikatoka orodha ya mashine zenye ruhusa ya kuingia kwangu. Nilitegemea moja, ya ofisi.

Zilikuwa mbili.

Nikafungua faili yenye funguo zao. Juu ya ufunguo wa pili kuna jina la Baba Zuhura, ameliandika mwenyewe. Na kwenye orodha, mara ya mwisho mashine yake kusalimiana na yangu: sekunde tisa zilizopita.

Kumbe yuko hai. Hilo lilinijia kwanza, na sitaficha kwamba nilifurahi. La pili likaja polepole, kwamba wiki nzima anamwita mtoto, na mimi niliye naye nyumba hii hata salamu hajanipa.

Nimefuta mistari yake yote. Kama anamtaka mwanawe, geti analijua. Aje mchana, apige hodi, nitamfungulia na chai nitampa. Lakini kupenya ukutani kama mwizi, hapana, siwezi kulea mtoto hivyo.

Nikazima VPN, nikaiwasha upya. Orodha ikaonyesha moja tu. Bado sikuridhika, nikachomoa na waya wa spika. Ninao hapa mapajani ninavyoandika haya kwenye simu. Nyumba imetulia, manyunyu tu juu ya bati.

Nilidhani ningeishia hapo.

Sasa hivi Zuhura ameacha vifuniko vyake. Amenyanyua kichwa, kama anavyofanya siku zote, ila safari hii hakuitika. Amekuja kunishika gauni.

"Mama, nimeitwa."

"Mara ngapi?"

"Moja."

Nimempakata. Waya nimeushika mkononi, ncha yake naiona, haijachomekwa popote.

Tunasikiliza wote wawili kama atarudia.