Divai Mbili za Zabibu Moja

Kashindi, ndugu yangu,

Zile chupa zimefunguliwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za watoto. Ungesema, "Mwalimu, acha salamu ndefu. Ya wapi ilishinda?" Sijui, Kashindi. Nilizibeba kutoka Gitega mpaka Buhinyuza, nimezifunga kwa majani makavu ya migomba kama mtu abebaye mayai, na mpaka leo sijui ya wapi ilishinda. Vumilia nikueleze. Hukuwa mtu wa kuvumilia maelezo yangu, lakini sasa muda unao.

Unamkumbuka padri mzee wa Kizungu niliyefundisha naye, mzaliwa wa mashamba ya zabibu ya Alzasi. Vita vilipomwondoa hapa aliniachia chupa mbili za divai iitwayo Rizilingi, moja ya kwao, nyingine ya bonde la Mozeli, Ujerumani. Zabibu ni ile ile moja, alisema, kinachobadilika ni mahali ilipoota. Nawe ulikuwa umekaa juu ya gunia lako la ndagala, wale dagaa wa ziwa lenu, pale barazani kwangu, nami nikaanza kukufundisha kama kawaida yangu. Kwamba Mozeli ni nchi ya baridi, mizabibu inang'ang'ania miteremko ya mawe meusi bapa yanayotunza joto la mchana, na bado tunda linaiva polepole, linabaki na uchachu wake, na divai inatoka nyepesi, mara nyingi yenye utamu kidogo, kama maji ya tunda la marakuja yaliyotiwa asali. Kwamba huko Alzasi milima inazuia mvua, jua ni jingi, tunda linaiva kabisa, na sukari yake karibu yote inageuka kileo. Kwa hiyo divai yao ina nguvu, nayo ni kavu.

"Kavu?" ukacheka mpaka gunia likatikisika. "Mwalimu, kitu ya maji iko kavu namna gani? We iko na vitabu mingi, mi iko na ulimi!"

Lakini ulinielewa haraka, maana urwarwa ulikuwa umeuonja katika kila soko ulilouza ndagala. Pombe ile ile ya ndizi, ila ya Makebuko ni nyepesi na chachu, kwa kuwa kule juu ndizi huchelewa kuiva. Ya Buhinyuza, kwenye joto karibu na mpaka wa Tanzania, ni tamu na humwangusha mtu akiwa bado anasimulia. Ya Nyarusange ulikataa hata kuihesabu. "Ile iko maji ya kuoshea kibuyu." Nilikwambia huna haki, unapendelea Buhinyuza kwa sababu ndiko ulikooa. Hukukana. Tukaahidiana kwamba barabara ikitulia tutazipeleka chupa kwa mama mkwe wako, tuziweke kando ya urwarwa wake, tuonje moja moja, tubishane mpaka tuchoke.

Jioni ile ya mwisho ulisema jambo jingine pia. Nilikuwa nimesema kwamba katika divai udongo ndio unaozungumza. Ukaacha kucheka, ukasema, "Udongo wa huku, siku hizi, afadhali unyamaze."

Asubuhi ukaondoka. Lori lilisimamishwa upande wa Karuzi. Yaliyofuata sitayarudia, wewe unayajua kuliko mimi.

Wakakuzika Buhinyuza na barabara imefungwa, nami sikufika. Hapo maneno yakapata nafasi. Kashindi alilala kwa nani? Kwa Mwalimu. Nani mwingine alijua atapanda lori lipi? Maneno hayo yaliota sokoni Muyinga, yakapanda mpaka kwa shemeji yako Melkiori, yakakaa. Mkeo Consolata hakuniletea salamu tena. Sikumlaumu. Katika miaka hii mtu akifa, walio hai huhesabiana nyuso wakimtafuta msaliti. Lakini niliumia, Kashindi. Nilikuwa nikiamka nikijiuliza kama hata wewe, huko uliko, umeyasikia ukayaamini.

Siku ya kuganduka, siku ya kuondoa matanga, ilipotangazwa, barabara ilikuwa imepata pumzi kidogo. Wa kwenu Uvira, ng'ambo ya ziwa, hawakuweza kuja. Bila mimi upande wako ungekuwa mtupu, na upande wa marehemu hauji mikono mitupu. Basi nikachukua zile chupa.

Unajua desturi: aletaye kinywaji ndiye anayetangulia kukionja, watu wamwone. Nilifungua ya Alzasi mbele yao wote, nikanywa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Chupa ya Wazungu," Melkiori akasema, "nani anajua ndani iko nini? Amekunywa ile. Na ile ingine?"

Nikafungua ya Mozeli, nikanywa. Ulimi ulikuwa umekauka kwa hofu, sikusikia ladha ya yoyote.

"Labda amekunywa dawa ya kuzuia sumu mbele ya kuja," mtu akanong'ona nyuma, na nong'ono lenyewe lilikuwa la kusikika.

Nilisimama pale na chupa mikononi. Nilifikiri, wakikataa, nitateremka kilima hiki nikiwa muuaji wako, na hakuna kitabu kitakachonisaidia.

Ndipo mama mkwe wako, Bibi Tereza, akainuka. Yeye hajui habari ya kulinganisha. Anajua kwamba pombe ya kuganduka hukaa katika mtungi mmoja, mirija mingi, basi. Akaninyang'anya chupa zote mbili na kuanza kuzimimina ndani ya mtungi wa urwarwa, Mozeli na Alzasi kwa pamoja, zikitoa povu.

Nikapiga kelele. "Bibi! Usichanganye!"

Melkiori akasimama. "Kwa nini isichanganywe? Mwalimu, unaogopa nini?"

Nami, Mungu anisamehe, nilifanya kitu pekee ninachokijua: nikaeleza. Nikawaambia habari za mawe meusi yanayotunza joto. Nikawaambia habari za milima inayozuia mvua, na tunda linalochelewa, na sukari inayogeuka kileo. Nilieleza kama mtu anayezama anavyopiga maji. Nilipofika mahali pa kusema kwamba ile ya Alzasi ni kavu, Consolata akacheka.

Alicheka akiwa amejifunika mdomo kwa kitenge, machozi yanamtoka. "Ni huyu," akawaambia. "Ni huyu! Kila Kashindi akirudi kutoka Gitega alikuwa anasimama hapa nyumbani anamwigiza. 'Mawe yanashika joto, mama watoto! Kitu ya maji iko kavu!' Watoto wanaanguka chini kwa kucheka. Melkiori, huyu mtu hawezi kuua hata panya. Atamweleza mambo kwanza, panya atakimbia."

Sikujua kwamba ulikuwa unaniigiza. Miaka yote hiyo! Ningekasirika, nawe ungefurahi.

Akachukua mrija, akaniita. Tukainama pamoja kwenye mtungi, mimi na mkeo, nikatangulia kuvuta, yeye akafuata. Kisha Bibi Tereza. Kisha wengine, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Ladha? Ndizi, Kashindi. Ndizi ya Buhinyuza ilizimeza zote mbili. Pengine hilo ni jibu, nawe ungelishikilia mpaka kesho.

Melkiori hakunywa siku ile. Sitaki kukudanganya kwamba yote yalipona; hata mimi sijui waliokuua ni akina nani, na hilo linakaa kati yetu kama mgeni asiyeaga. Lakini asubuhi nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka njiani na kibuyu cha urwarwa. Alikiinua, akanywa yeye kwanza, nikiona. Ndipo akanipa. "Ya Buhinyuza," akasema. "Ukaifundishe Gitega." Hakutabasamu. Nami sikuthubutu kueleza chochote.

Barabara imefungwa tena. Kibuyu kipo hapa mlangoni, nimekiosha, kimekauka. Na unajua, kibuyu cha mtu hakirudishwi kitupu. Nimekwisha sema na mtengeneza pombe mmoja wa Makebuko, anitunzie urwarwa mzuri kuliko wote wa kilima chake. Njia ikipumua, hata kidogo, nitakwenda. Nitakaa mbele ya Melkiori, nitaonja kwanza, nitampa, nami nitanyamaza nimsubiri aniambie mwenyewe ya wapi imeshinda.

Lala, ndugu yangu. Udongo wa Buhinyuza ulioupenda ukushike taratibu. Ukitaka kuniigiza huko, niigize. Tumia sauti kubwa, nisikie.

Ni mimi, Mwalimu wako.