Msamaha Niliouandika kwa Jina Lake

Jumapili, 7 Mei 1972
Nimechuma chai tangu asubuhi. Lori halikufika tena. Barabara ni tope tupu. Majani yameharibikia kwenye kituo cha kukusanyia, tumeyamwaga. Mume wangu, Ombati, anasema Jumanne, kwenye baraza la chifu, atamuuliza Mbunge. Nimemwambia anyamaze.

Jumanne, 9 Mei
Baraza. Mheshimiwa hajakanyaga huku tangu tumpe kura. Kabla ya uchaguzi alikula kwangu, ugali wa wimbi na kuku mzima. Leo hakunitambua.
Ombati alisimama, akavua kofia. "Mheshimiwa, sisi tukikuhitaji, tukutafute wapi?"
Mbunge akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri. Kisha akamwambia karani wake aandike jina la aliyeuliza.
Naogopa.

Jumatano, 10 Mei
Askari wa chifu wamemchukua Ombati kabla hajamaliza kukamua ng'ombe. Kosa: uchochezi.

Ijumaa, 12 Mei
Niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikawaacha wanafunzi wangu wa darasa la kwanza, nikaenda nyumbani kwa Mbunge. Ni mbali, kupita mji mdogo wa Keumbu, kwa miguu. Mlinzi akasema Mheshimiwa yuko Nairobi. Gari lake nililiona uani. Mvua imeninyeshea njia nzima.

Jumapili, 14 Mei
Nilirudi. Tulikuwa wengi langoni, tumekaa kwenye nyasi kama wagonjwa. Mjane mmoja aliniambia hii ni mara yake ya nne.
Gari lilipotoka nilisimama mbele yake. Akashusha kioo. Nikamweleza mimi ni mke wa nani. Alisikiliza huku akitazama saa yake.
"Mama, kazi yangu ni kutunga sheria. Kufunga watu si kazi yangu." Halafu, kwa sauti ya chini: "Lakini akiniandikia kuomba msamaha, nitazungumza na chifu."
Akapandisha kioo. Yule mjane hakupata hata neno.

Jumatatu, 15 Mei
Nimemwona Ombati mahabusu kwa chifu. Uso umevimba, jicho moja halifunguki. Nimemwomba aandike barua ya msamaha, amekataa. Anasema hakumtukana mtu, aliuliza tu. Nililia mbele ya askari. Hakubadilika.
Nimeandika barua mwenyewe. Nimetia sahihi yake. Kesho nitaipeleka kwa Mbunge.

Alhamisi, 18 Mei
Wamemwachilia. Anafikiri wameona hana kosa. Amekula vizuri, hata amecheka kidogo. Sikumwambia. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 19 Mei
Chifu ameisoma barua sokoni, mbele ya watu wote. "Mimi Ombati nilisema maneno ya kijinga. Mheshimiwa ni baba yetu." Maneno yangu. Aliinua karatasi watu waone sahihi. Ombati alikuwa kando yangu. Aliutazama mwandiko. Halafu akanitazama mimi.
Watu wakapiga makofi. Sisi wawili tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Jumamosi, 20 Mei
Sabato. Ombati aliketi kiti cha mwisho kanisani. Hakuimba.
Alasiri majirani wawili walikuja kumwomba awaongoze kwa mkuu wa wilaya, kwa sababu ya barabara. Akawaambia kwa upole wamtafute mtu mwingine.
Walipoondoka aliniuliza kama maji ya kuoga yamepata moto. Nikasema yamepata. Hatujasemezana lingine.