Usinisubiri Uwanja wa Ndege

Kambini, Nevada

Mpwa wangu Darcy,

Bila mimi, ndege za kivita za nchi hii ni mabati tu. Mimi ndiye ninayezijaza mafuta, na hakuna rubani anayeruka kabla hajanisikiliza.

Mama yako hajambo, ila mbwa wake kameza soksi. Ameniambia unataka kuacha urubani, eti kwa sababu mazoezini Jumanne ndege yako isiyoonekana kwenye rada ilihesabiwa kuwa imedunguliwa na ndege yetu moja kuukuu. Tangu hapo situlii. Naosha gari ambalo tayari ni safi.

Aliyekudungua ni Beckstrand, rubani wetu hapa, na mbinu nilimpa mimi, nikichoma nyama. Nilimwambia, "Kijana, jiko hata ulifiche nyuma ya ukuta, joto lake litakufikia."

Akacheka. "Mjomba Lonnie, wewe jaza mafuta!"

Lakini kule juu alizima rada yake, akakuwinda kwa chombo kinachoona joto la injini, huku wenzake wakikuzubaisha kwa mbele. Aliposhuka, shati lilikuwa limelowa jasho. "Yule dada ni balaa," akasema. "Kabla sijampata, alishatumaliza watatu."

Umesikia? Watatu! Na wote jioni walikula nyama yangu. Mazoezini watu hudunguliwa ili vitani wasidunguliwe.

Usiache, mama. Nakuja huko Utah Ijumaa tuongee. Ila usinisubiri uwanja wa ndege, njoo kituo cha basi. Zile safari zangu za angani nilizokusimulia utotoni mwako, Darcy, nilizitunga; sijawahi kupanda ndege hata moja. Naogopa.

Mjomba wako,
Lonnie