Taya Langu, Cheti Chake

Wodi ya Wanaume, kitanda cha saba,
Jumanne, tarehe 14 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu tele kutoka kwa mjomba wako mwenye uso kama boga lililoangushwa. Hujambo huko? Kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Na mwenzako wa chumbani bado anakoroma, au umeshamzoea? Sisi huku hatujambo, ukiniondoa mimi, na hata mimi naendelea vizuri.

Kwa heshima na taadhima, nachukua nafasi hii kuutangazia ukoo mzima, walio karibu na walio mbali, kwamba jana saa tatu asubuhi, mbele ya muuguzi mmoja na mashahidi wawili, nilitafuna ndizi. Nusu yake. Hakuna aliyepiga makofi, lakini baada ya wiki tano za kunyonya uji kwa mrija, machozi yalinitoka.

Usinicheke mwandiko. Huu ni wa mkono wa kushoto. Wa kulia umo ndani ya plasta, na daktari anasema vidole viwili vitakunjika tena, cha tatu tukisahau.

Barua yako mama yako alinisomea mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu ili kitanda cha nane nacho kifaidi. Unasema umejitoa kwenye ule mtihani wa cheti cha usalama wa kompyuta, na kwamba Ijumaa watalifuta jina lako kabisa. Unaandika: "Mjomba hana hata karatasi moja ya usalama, lakini siku ilipofika alisimama imara. Cheti kingemwongezea nini?" Mama yako akanitazama kwa fahari. Nami nikajifanya taya linauma.

Maneno hayo najua uliyaokota wapi. Kwangu. Mwaka jana nilikuambia vyeti hivyo ni vya kupamba ukuta, kwamba msimamizi wa kompyuta hufundishwa na miaka, na kwamba mimi nimeilea mitambo ya hospitali hii miaka ishirini na miwili bila mtu kuniuliza karatasi. Nilisema vizuri sana siku ile. Mdomo ulikuwa mzima.

Niliyekuwa nikimsema hasa ni mwenzangu wa kazini, yule binti niliyempachika jina la Bi Cheti. Alirudi kutoka kwenye mtihani wake amefaulu, akaanza kufunga milango. Zamani ofisi nzima tulitumia neno moja la siri, limebandikwa chini ya kibodi kwa gundi ya karatasi. Yeye akampa kila mtu la kwake, na ruhusa ya kazi yake tu, basi. Mimi nikabaki na printa na kompyuta za mapokezi. Wale wagonjwa ambao polisi huomba wafichwe, nikawa siwaoni tena kwenye mfumo.

"Bi Cheti," nikamwambia, "mfumo huu niliufunga nepi kwa mikono yangu."

"Shikamoo mzee," akajibu bila kuinua macho. "Umeshakua. Sasa unavaa suruali."

Nilimnunia wiki mbili nzima, mtu mzima na mvi zangu.

Wakati huohuo wodi ya upasuaji ilikuwa na dereva wa teksi aliyepigwa risasi ya bega. Abiria wake aliuawa mbele ya macho yake, na yeye ndiye shahidi pekee. Alilazwa kwa jina la uongo. Waliomkosa mara ya kwanza walitaka kummalizia, ila hawakujua yuko kitanda gani.

Walikuja watatu, saa nne asubuhi, wamevaa makoti ya mafundi wa viyoyozi. Niliwafungulia mlango wa chumba cha kompyuta mwenyewe, nikawafokea kwa kuchelewa. Wa kwanza alinijibu kwa nondo, mdomoni. Niliusikia mlio wa taya kabla ya maumivu, kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Nikaanguka, nikatema meno mawili sakafuni. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Wa pili alinikalia mgongoni, akauvuta mkono wangu hadi kwenye kabati la seva, akaviweka vidole kwenye bawaba, akaufunga mlango wa chuma kwa teke. Akaufungua. Akaufunga tena, taratibu, kama mtu anayejaribu kitasa kipya.

"Mgonjwa wa risasi kalazwa wapi?" akauliza wa tatu, kwa upole, kama karani wa mapokezi.

Kisha walinzi wakaingia na virungu. Mpwa wangu, nimeangalia ngumi nyingi kwenye televisheni. Za kweli zina harufu. Mlinzi wetu mzee alichomwa kisu cha paja, damu ikamruka hadi ukutani, naye hakumwachia aliyemchoma. Alimng'ata sikio mpaka kikaletwa kitambaa cha kulifungia. Mama wa usafi alimtandika yule wa nondo kwa mtungi wa kuzimia moto, pua ikalala bapa. "Na sakafu nimetoka kuipiga deki!" akamwambia, akamwongeza la pili. Wa tatu alikimbilia ngazi, akabingirika hadi chini na kuvunjika nyonga.

Hayo ndiyo mliyoyasikia: mjomba alipigwa na hakusema. Mkurugenzi aliyatangaza mbele ya wafanyakazi wote. Ningebishaje, na taya limefungwa kwa waya? Nilitikisa kichwa kukataa, wakasema tazama, na unyenyekevu juu.

Bibi yako anakusalimu na anauliza lini utakuja. Kaka yako anakusalimu, ingawa amekopa redio yako na hataki niseme. Nisalimie binamu zako pacha walioko huko, na baba yako mkubwa, mwambie mguu wake nao aupeleke hospitali. Mungu akupe afya na kazi isiyo na nondo.

Hapa nilitaka kutia sahihi, nikashindwa. Leo asubuhi yule dereva wa teksi alikuja, mkono shingoni, na mkewe nyuma yake. Aliushika mkono wangu wa kushoto akalia. "Kaka, ungetamka neno moja tu, mimi sasa ningekuwa udongoni." Nikamwacha aondoke akinishukuru.

Mpwa wangu, nilisema.

Moyoni nilijisalimisha mlango ulipofungwa mara ya kwanza, kabla hata hawajaniuliza. Ule wa pili nilikuwa tayari nimekubali, ila taya lilikuwa linaning'inia na sauti haikutoka. Nikaonyesha kibodi kwa kidole. Nikaandika neno langu la siri kwa mkono wa kushoto. Mfumo ukafunguka na kuwaonyesha printa. Wakanipiga mbavuni. Ndipo nikakumbuka akaunti niliyojitengenezea kwa siri zile siku za kununa, kupitia kompyuta kuukuu ambayo alikuwa hajaifikia, yenye ruhusa zote, ili nimwoneshe Bi Cheti kwamba mimi sifungiwi nje ya nyumba yangu. Wale watu hawakujua kama ipo. Hakuna aliyeniuliza. Niliiandika mwenyewe, herufi moja baada ya nyingine, nikiomba ifunguke haraka wamwendee yule dereva na mimi waniache.

Ikakataa. Bi Cheti alikuwa ameigundua jana yake mchana, kwenye ukaguzi wa kila wiki ambao alijifunza alipokuwa akisomea ule mtihani. Akaifunga na kuiwekea kengele. Kengele hiyo ndiyo iliyowaita walinzi.

Mfumo huandika kila jaribio na saa yake, kwa hiyo alijua tangu siku ileile. Alikuja Jumapili, akaketi hapa.

"Saa nne na dakika kumi na nne, mzee," akasema. "Nimeona. Sijamwambia mtu."

Nikamwandikia kwenye karatasi: kwa nini?

"Kwa sababu hata mimi ningeandika. Ndiyo maana tunafundishwa tusimwachie mtu mmoja funguo zote. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba ana vidole."

Barua hii mama yako ataipiga picha akutumie kwa simu, ikuwahi kabla ya Ijumaa. Najua ataisoma kwanza. Na aisome. Lirudishe jina lako kwenye mtihani. Nimemtumia dereva ujumbe aje tena kesho, na mkurugenzi awepo. Nitawaambia kwamba nilimtoa yule mtu auawe, mara mbili, na kwamba yuko hai kwa sababu kuna binti alisoma akafaulu.

Anayekupenda, hata ukikasirika,

Mjomba wako.