Namba ya Mama ni Ile Ile

Lanet, Nakuru
18 Agosti 2025

Kwa ndugu yangu Kipketer,

Chamgei, na pole kwa baridi ya huko Mau Narok. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua hakikusumbui, na kwamba umejinunulia koti la maana badala ya lile la marehemu Baba lenye kola iliyoliwa na panya. Sisi huku Lanet tu wazima kwa neema ya Mungu. Mume wangu Nicodemus anakusalimu sana. Binti yetu Shantel amenipita urefu, na anauliza mjomba wake anafanana vipi, maana anachokumbuka ni viatu vyako tu.

Najua unashangaa nani siku hizi anaandika barua kwa kalamu. Ni wewe umenirudisha huko. Nimekupigia, ukisikia sauti yangu unakata. Nikakupigia kwa simu ya Nicodemus, ukakata kabla sijamaliza kusema haloo. Namba yako nimeitoa wapi, nitakueleza huko mbele. Basi nimemwomba Sitati, dereva anayebeba ngano kutoka shamba mnalovuna, akukabidhi hii mkononi, na ameahidi hataondoka mpaka akuone ukiifungua. Soma hadi mwisho. Kiburi chako nakijua tangu ukiwa unanyonya, lakini leo kiweke kando.

Sitati ndiye aliyenieleza kwa nini hukuja kumzika Mama. Mpaka siku hiyo nilikuwa na hasira nawe ambayo sikujua nitaipeleka wapi. Kifo kilitangazwa redioni, watu wakajaa nyumbani Keringet, kila mtu akiuliza mwana wa kiume yuko wapi, na ikabidi baba mdogo Kibii atupe udongo kaburini kwa niaba yako. Nilikuita majina ambayo sitayaandika hapa. Kisha nikakutana na Sitati sokoni, akaniambia ulimwambia kwamba Mama alikutupa angali hai, kwamba ulimpigia Jumapili baada ya Jumapili naye akakukatia, na mtu hawezi kwenda kumlilia aliyemkataa. Nilikaa chini pale pale. Hasira yote iliisha, na kilichobaki ni kibaya kuliko hasira.

Acha nikueleze ilivyokuwa. Baada ya mazishi ya Baba, ulipogombana nasi kwa ajili ya shamba, uliapa hutaongea na yeyote wa nyumba ile ila Mama, na ukamkataza asimpe mtu namba yako. Hakunipa mimi wala hakumpa baba mdogo. Tulijua tu kwamba unapiga Jumapili, kwa sababu kanisa likiisha aliacha sufuria jikoni akapanda mbio hadi kwenye tangi la maji kutafuta mtandao, leso ikipepea, akipiga kelele haloo, haloo, rudia. Alirudi na nusu ya maneno. Siku moja aliniambia alichosikia ni trekta na baridi, hayo mengine yamechukuliwa na upepo, na akacheka, lakini nilimwona akipangusa macho.

Ndipo akaanza kutamani laini ya jirani yetu Joyline, ambayo mtandao wake ulishika mpaka jikoni. Kilichomzuia ni namba. Ile namba aliyokufundisha ukiwa darasa la nne, ulipoenda bweni, ukawa unaiimba ukiosha vyombo ili usiisahau. Alisema namba hiyo ikipotea, mtoto atakuwa anapigia shimo. Nikamwambia hapana, siku hizi mtu anahama mtandao na namba yake, kama anavyohama nyumba na kitanda chake. Aliniapisha mara mbili, halafu tukaenda mjini Nakuru, yeye amevaa ile sweta ya kanisa.

Msichana wa dukani, Sue, alikuwa mpole. Alichukua kitambulisho, akamwonyesha Mama ujumbe wa kutuma, akampa laini mpya na kumwambia asubiri arifa ndipo aiweke. Hapo ile ya zamani itakuwa imekufa. Kisha akauliza kama majina yamehifadhiwa kwa simu ama kwa laini. Mama alijibu bila kusita kwamba yako kwa simu, si ndiko anakoyaona kila siku? Nami nikaitikia kwa kichwa, na tukaenda kula chapati.

Arifa ilipofika nyumbani, Joyline alimsaidia kubadilisha laini. Namba ilibaki ile ile kama tulivyoahidiwa, lakini majina yote yalikuwa yametoweka. Mama alilia kama aliyefiwa. Jumamosi iliyofuata nilipanda Keringet na simu yangu, nikaketi naye mezani nikaandika upya kila mtu: shangazi, kwaya, pasta, daktari wa ng'ombe, mtu wa maziwa. Nilipomaliza aliniuliza kama nimerudisha wote. Nikasema wote, Mama. Akafurahi, akanimiminia maziwa ya mursik mpaka nikashindwa kusimama.

Wakati huo wakora walikuwa wameingia Keringet kwa simu. Nekoye wa kwaya aliambiwa mwanawe amekamatwa, na kabla hajafikiri wakawa wamemmalizia pesa zote. Pasta akatangaza madhabahuni kwamba simu isiyo na jina mtu asishike. Unamjua Mama na neno la madhabahuni. Na haukupita muda naye akapata mkora wake. Alinisimulia akijivunia. Mkora wangu amepiga tena, alisema, nimemkata hata hajapumua. Alishangaa kwamba mwizi yule anajua mpaka saa ya kanisa kuisha. Joyline alimwandika kwenye simu kwa herufi kubwa, MKORA, ili Mama asije akajisahau. Ikawa kichekesho chetu. Nikimpigia nilimuuliza, mkora wako hajambo? Nilicheka sana, Kipketer.

Kumbe kucheka kote huko, alikuwa anakungoja. Simu ilikaa kabatini karibu na thermos, mtandao umejaa, hakuna tena kupanda kwenye tangi, na wewe kimya. Nilimwambia labda ni kazi, labda ni mavuno. Alisema ndiyo, labda. Baadaye hata yule mkora akaacha kupiga. Mama aliniambia hilo bila kucheka. Alisema, hata mkora amechoka na mimi.

Baridi ya Julai ilimkamata kifuani. Nilihamia Keringet nikamuuguza. Simu aliiweka chini ya mto, na kila baada ya muda aliitoa akaniuliza kama mtandao upo. Nilimwambia upo, Mama, umejaa. Mara ya mwisho aliponiuliza, alisikiliza jibu langu, akairudisha simu taratibu, akasema: basi si mtandao, ni yeye. Hakuuliza tena. Alitutoka Alhamisi asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Baada ya mazishi nilikuwa nakunja nguo zake. Ndani ya jalada la Biblia nilikuta kijikaratasi kimekunjwa, na ndani yake ile laini ya zamani. Tuliambiwa imekufa, naye akaihifadhi kama watu wanavyohifadhi kitambulisho cha marehemu. Niliiweka kwenye simu yake bila kutafuta kitu, labda kwa vile tu ilikuwa imeguswa naye. Mtandao haukuwepo, ni kweli. Lakini majina yote yalikuwepo. Hayakuwahi kufa, yalibaki kwenye laini muda wote huo, na hakuna aliyetuambia, na hatukujua kuuliza. Nikateremka hadi kwenye K. Nikakuta: KIPKETER WANGU.

Nilitaka kukupigia kwa simu yake. Niliandika namba yako kando, nikarudisha laini mpya, nikaibonyeza tarakimu moja moja. Kabla haijaanza kuita, simu ikaniletea jina. MKORA.

Ndugu yangu, nilipiga kelele mpaka Joyline akaja mbio akidhani ni nyoka. Nilikata. Sikuwa na nguvu ya kusikia ikiita.

Sasa unaelewa. Nilipomwambia Mama nimerudisha wote, aliamini na wewe umo. Hakukutaja kwa sababu ulimkataza, naye aliitunza siri yako hata mbele yangu. Mimi sikujua uliwahi kuwemo. Na nani siku hizi anashika namba ya mtu kichwani? Alijua ukipiga utatokea kwa jina lako, kwa hiyo ile namba tupu ilikuwa ya mtu yeyote duniani isipokuwa wewe. Alimkata mwizi, Kipketer, ili simu isiwe inatumika utakapopiga. Kila Jumapili alikukata akikungoja. Yeye alikufa akidhani umemkataa, wewe ukakaa huko ukidhani amekukataa, na mlikuwa mnatafutana saa ile ile.

Nimewaza kama nisikwambie. Nicodemus alisema ukweli huu utakuumiza kuliko ule uongo. Labda. Lakini siwezi kukuacha uzeeke ukiamini Mama hakukutaka, wakati alihama mtandao ili akusikie vizuri. Huo uchungu tutaubeba wawili, mimi peke yangu umenishinda. Shamba lichukue, lote, sitaki hata kona. Nataka uje usimame kaburini utupe udongo wako mwenyewe.

Wanasema namba ikikaa bila kutumika inapewa mtu mwingine. Sitakubali. Simu ya Mama iko kwangu na laini yake ndani, naichaji, naitumia kidogo laini isife. Nimefuta lile jina baya, na mahali pake nimeandika jina lako kama alivyoliandika yeye.

Msalimie mwenye nyumba wako na wote mnaovuna pamoja. Shantel anasema uje na viatu vile vile ili akutambue. Mungu akukinge na baridi ya huko, na akulainishe moyo.

Ukiwa bado hutaki kuongea nami, usiongee. Piga tu Jumapili, kanisa likiisha. Nitakuwa jikoni, simu karibu na thermos. Niache nilione jina lako likitokea mara moja, kwa niaba yake. Namba unaijua. Ni ile ya darasa la nne.

Ni mimi dada yako,
Jepleting